Utafiti wa ikolojia kati ya mji na mashamba: mwongozo kwa mwanafunzi mwenye likizo moja ndefu

Msimu wangu wa kwanza wa utafiti nilifukia vikopo arobaini ardhini: kumi katika bustani ya mjini, kumi kwenye kitongoji, kumi ukingoni mwa mashamba na kumi msituni. Kwa wiki sita nilihesabu mbawakawa hadi nikawa nawaona usingizini. Siku ya kuwasilisha, mwalimu mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliniuliza swali moja tu.

“Una maeneo mangapi?”

“Arobaini,” nikajibu.

“Hivyo ni vikopo. Nimeuliza maeneo.”

Nilikuwa na manne, moja la kila aina. Kwa data ile nisingeweza kujua kama tofauti niliyoiona imeletwa na mji au na upekee wa ile bustani moja, niliyoichagua kwa sababu ilikuwa karibu na bweni. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi anayenijia na wazo la utafiti wa likizo namwuliza maeneo kwanza, kiumbe baadaye. Mwongozo huu nao umejengwa hivyo. Ni kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye wiki nane hadi kumi, fedha kidogo na msimamizi mwenye shughuli nyingi.

Kuhusu nafasi zenyewe nitasema machache. Vyuo vingi huwa na fedha ndogo za likizo ambazo hazitangazwi sana, na barua fupi kwa mwalimu mmoja aliyesoma kazi yako hufanya kazi kuliko maombi ishirini yanayofanana. Marekani kuna REU, mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa National Science Foundation (shirika la serikali linalofadhili sayansi), ambao huweka wanafunzi kama kumi kwenye kituo kimoja na kuwalipa posho. Kazi huchukua wiki 8 hadi 10 kwa kawaida, ila fedha zake ni za raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Popote utakapoomba, andika swali lako kwenye barua. Sentensi ya “ninapenda mazingira tangu utotoni” iache nyumbani.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka liingie kwenye wiki nane

Ukitoka katikati ya mji kwenda mashambani, mambo mengi hubadilika kwa pamoja. Lami na paa hupungua, usiku hupoa zaidi, kelele na taa hupungua, udongo hubadilika, na mimea na wadudu walioletwa na watu huanza kuwaachia nafasi wenyeji. Mwaka 1990 Mark McDonnell na Steward Pickett waliwahimiza wanaikolojia waichukue safari hiyo kama jaribio kubwa ambalo watu wameshalifanya bila kukusudia. Kazi iliyofuata katika misitu ya mialoni, kuanzia ndani ya New York hadi mashambani mwa Connecticut, umbali wa kilomita 140 hivi, ilitoa tokeo ninalolipenda kuliko yote katika fani hii.

Mtu angetegemea majani yaliyoanguka yaoze taratibu zaidi mjini. Udongo wa huko ulikuwa na metali nzito zaidi, na majani yenyewe ya miti ya mjini yalikuwa magumu kuoza. Kumbe sakafu ya msitu wa mjini iliozesha majani haraka zaidi. Joto la mji lilichangia, na wachangiaji wengine walikuwa minyoo ya ardhi iliyoletwa kutoka nje, ambayo ilikuwa mingi mjini na haba kule mashambani. Yaani mambo mawili yaliyokuja na mji yalivuta upande mmoja huku mengine mawili yakivuta upande wa pili.

Kwa hiyo usiandike kwamba unachunguza “athari za mji”. Mji si sababu moja. Chagua kitu kimoja kinachopimika kwa upande wa mji na kimoja kwa upande wa kiumbe, uviunganishe kwa sentensi moja. Kwa mfano: je, idadi ya mbawakawa wanaotembea ardhini hupungua kadiri saruji, lami na paa vinavyoongezeka ndani ya mita 500? Hilo linafanyika katika likizo moja. “Ukuaji wa miji na bayoanuwai” ni kazi ya maisha ya mtu, na wapo waliostaafu kabla hawajaimaliza.

Kama huna hakika uanze na nini, fikiria mimea. Haikimbii na haijifichi. Klova nyeupe, mmea mdogo wa malisho, ni mfano mzuri pale inapoota. Baadhi ya miche yake hutoa sianidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu, jani linapopondwa, mingine haitoi, na kipande cha karatasi iliyoandaliwa maabara hugeuka bluu pale gesi hiyo inapotoka. Mradi mmoja wa kimataifa uliotangaza matokeo yake mwaka 2022 ulikusanya mmea huo katika miji 160 ya nchi 26. Ulikuta kwamba mara nyingi klova ya mashambani huwa na sumu hiyo zaidi kuliko ya mjini, ingawa si kila mji ulikuwa hivyo. Mwanafunzi mmoja mwenye baiskeli, mifuko midogo na boksi la barafu anaweza kufanya toleo la mji wake.

Hatua ya 2: Chagua maeneo, na uyachague kwa namba

Hapa ndipo utafiti unapofaulu au kufa, kwa hiyo usiharakishe. Tenga wiki nzima.

Fungua picha za setilaiti katika QGIS, ambayo ni programu ya bure. Weka nukta kwenye kila eneo unalolifikiria, uchore duara la nusu kipenyo cha mita 500 kulizunguka. Sasa mwaga nukta 100 ndani ya duara, programu itakupangia yenyewe bila mpangilio maalumu. Pitia moja moja: je, nukta hii imeangukia paa, lami au saruji? Zikiangukia 37, eneo lako lina asilimia 37 ya ardhi iliyofunikwa. Ni kazi ya dakika kumi na tano kwa eneo moja, na haihitaji ramani ya kununua. Mwombe mwenzako arudie maeneo matatu bila kuona namba zako. Mkitofautiana sana, kaeni mkubaliane kwanza kama uwanja wa udongo ulioshindiliwa ni “umefunikwa” au la, kisha rudieni.

Ukishakuwa na namba hizo, achana na makundi ya “mjini, kitongojini, mashambani”. Tafuta maeneo yaliyotawanyika kutoka karibu na sifuri hadi yaliyozibwa kabisa. Kumi na tano ni idadi nzuri kwa mtu mmoja, kumi na mbili inavumilika. Nikilazimika kuchagua kati ya maeneo 15 yenye vikopo vitano na maeneo 5 yenye vikopo kumi na vitano, nachagua ya kwanza bila kufikiri. Kosa langu la msimu ule lina jina: marudio ya uongo. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert alilianika katika makala ya mwaka 1984, na bado linafanyika kila mwaka. Vikopo vitano vilivyo chini ya miti mitatu ni mashahidi watano wa tukio moja.

Kisha hakikisha unalinganisha vitu vya aina moja. Ukiweka mitego kwenye nyasi zilizokatwa mjini na kwenye kichaka kinene mashambani, umelinganisha nyasi na kichaka. Amua mapema: kila eneo litakuwa, tuseme, kipande cha nyasi chini ya miti, kisichopungua meta thelathini kwa thelathini. Hiki ndicho kigezo kitakachokufanya utupe nusu ya maeneo uliyoyapenda. Yatupe.

Angalia mambo mengine mawili. Acha angalau kilomita moja kati ya eneo na eneo ili maduara yasipandane. Na tazama kama mji wako umekaa bondeni huku mashamba yote yakiwa mlimani, kwa sababu hapo utakuwa unapima mwinuko ukidhani unapima saruji. Dawa yake ni kutafuta mashamba machache ya bondeni na mitaa michache ya juu, hata kama ni taabu kuifikia.

Usiyakimbie maeneo ya katikati, yale ya nusu nyumba nusu shamba, kwa kuwa “hayaeleweki”. Robert Blair, katika kazi yake ya mwaka 1996 kuhusu ndege wa Santa Clara, California, alipita kutoka hifadhi ya viumbe hadi eneo la biashara, na aina nyingi zaidi za ndege alizipata sehemu zenye usumbufu wa kadiri. Ukiwa na ncha mbili tu, kilima kama hicho hukioni. Unachora mstari ulionyooka na kuondoka umeridhika.

Mwisho wa hatua hii, tembea. Picha ya setilaiti ya pembezoni mwa mji huzeeka upesi kuliko picha ya mahali pengine popote. Niliwahi kufika mahali palipokuwa na uwanda wa nyasi kwenye skrini nikakuta msingi wa nyumba na fundi ananitazama.

Hatua ya 3: Vibali, malango na watu

Anza barua za ruhusa siku ileile unayoanza kuchagua maeneo. Bustani za umma zina ofisi, na ofisi zina wiki zake. Kama unakamata mnyama mwenye uti wa mgongo, hata chura mmoja, utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo na mara nyingi cha mamlaka ya wanyamapori. Mchakato huo peke yake unaweza kula likizo yote. Ndiyo maana namsukuma mwanafunzi wa mara ya kwanza kwenye wadudu, mimea, udongo au ndege wa kutazamwa bila kushikwa.

Pembezoni mwa mji ardhi imegawanyika vipande vidogo vyenye wenyewe, na utabisha hodi mara nyingi. Nenda kabla ya siku ya kazi, mikono mitupu, na barua ya chuo. Mazungumzo huwa kama hivi:

“Samahani mama, mimi ni mwanafunzi. Nahesabu wadudu wanaotembea ardhini, kuanzia mjini hadi mashambani. Naomba kuweka vikopo vitano kule chini ya miti, nitakuwa nikirudi mara moja kwa wiki.”

“Unaweka dawa?”

“Hapana mama. Ni kimiminika kinachotumika hata kwenye vipodozi. Juu tunafunika kwa wavu na kipaa kidogo.”

“Na hao wadudu unawafanyia nini?”

“Nawahesabu na kuwatambua. Nikimaliza nitakuletea orodha ya waliopatikana kwako.”

“Haya mwanangu. Lakini mwambie na jirani, yule ndiye anayekata nyasi.”

Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko kibali chenye muhuri. Mwulize kila mtu nani anakata nyasi na siku gani. Mitego yangu mingi iliyopotea haikuibwa na mtu, ilikatwa na mashine.

Hatua ya 4: Njia ya kupima

Nitaeleza mtego wa shimo kwa kirefu, kwa sababu ndio unaotumika zaidi na ndio unaowekwa vibaya zaidi.

Chukua kikopo cha plastiki chenye mdomo wa sentimita 7 hadi 10. Tumia viwili, kimoja ndani ya kingine, ili ukivuta cha ndani kile cha nje kishikilie shimo lisiporomoke. Chimba kwa koleo dogo, ingiza, kisha rudisha udongo pembeni kwa vidole hadi mdomo wa kikopo uwe sawa kabisa na uso wa ardhi. Pitisha kidole kutoka kwenye udongo kuelekea ndani. Kikigonga ukingo, mbawakawa naye ataugonga na kugeuka. Mtego uliochomoza milimita tatu ni ukuta, na hapa ndipo nimewaona wanafunzi wakipoteza data bila kujua.

Jaza theluthi moja kwa propilini glaikoli iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni isiyo na harufu ili mdudu azame upesi. Usitumie ethilini glaikoli, ile ya kupozea injini za magari. Ni tamu na ni sumu, na mbwa huinywa. Juu ya mdomo weka wavu wa waya wenye matundu ya sentimita moja na nusu hivi kuzuia vyura na panya wadogo, kisha kipaa cha plastiki kilichoinuliwa sentimita mbili au tatu kwa misumari mirefu, kisiruhusu mvua kuingia. Chomeka kibao chenye maandishi: utafiti wa wanafunzi, hakuna hatari, tafadhali usiguse, na namba ya ofisi ya idara. Nilipoanza kuweka maelezo hayo uharibifu ulipungua. Watu wanaharibu wasichokielewa.

Weka vikopo vitano kwa kila eneo, mita kumi kati ya kimoja na kingine. Baada ya kuvifukia vifunge kwa siku nne au tano kabla ya kuvifungua. Ardhi iliyochimbuliwa upya huvuta wadudu, na usipongoja utapata mavuno makubwa ya uongo wiki ya kwanza.

Ujue pia mtego huu unapima nini. Mbawakawa anaingia kwa sababu amepita hapo, kwa hiyo idadi yako ni mchanganyiko wa wingi na mwendo. Ardhi yenye joto humfanya mdudu atembee zaidi, na nyasi nene humpunguzia kasi. Hivyo eneo la mjini lenye udongo mtupu na joto linaweza kukupa wadudu wengi bila kuwa na wengi. Pima urefu wa nyasi kuzunguka kila kikopo na joto la udongo kila unapokwenda, ili baadaye uwe na la kusema.

Joto la hewa linahitaji kirekodi kidogo kinachojiandikia kila nusu saa. Kitundike mita moja na nusu kutoka ardhini, ndani ya kivuli cheupe chenye matundu. Kikipigwa na jua kitakuambia joto la plastiki yake. Tofauti kati ya mji na mashamba huonekana zaidi usiku, hasa usiku mtulivu usio na mawingu, saruji inaporudisha joto ililolimeza mchana. Mwanafunzi anayepima adhuhuri kwa kipimajoto cha mkononi anaondoka akidhani hakuna kitu.

Kwa ndege: simama mahali pamoja dakika kumi, hesabu unaowaona na kuwasikia ndani ya mita 50, kuanzia kunapopambazuka hadi saa tatu asubuhi, na rudi kila eneo mara tatu au zaidi. Tatizo la hapa ni masikio yako. Barabarani husikii ndege aliyepo. Ndege wenyewe pia hubadilika: Leiden, Uholanzi, watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba Parus major, ndege wadogo waimbaji, wanaoishi penye kelele huimba kwa sauti nyembamba zaidi, yenye masafa ya juu kuliko mngurumo wa magari. Andika kiwango cha kelele kila unaposimama, na usihesabu ndege wa mbali zaidi ya mita 50 hata kama unamjua kwa jina.

Hatua ya 5: Wiki ya majaribio

Chukua maeneo matatu, la mjini kabisa, la mashambani kabisa na moja la kati. Fanya kila kitu kama vile ni kazi rasmi, pamoja na kuingiza data kwenye jedwali. Pima muda. Wanafunzi wengi hukadiria muda wa uwandani wakasahau muda wa mezani. Kwa mitego ya shimo, siku moja ya kukusanya huzaa siku mbili za kuchambua chini ya hadubini. Kama hesabu hiyo inakufikisha wiki ya kumi na nne, punguza sasa. Punguza ziara au aina za wadudu utakaowatambua, maeneo yaguse mwisho.

Hatua ya 6: Ratiba na daftari

Mpangilio unaonifanyia kazi: wiki ya kwanza maeneo na ruhusa, ya pili majaribio na kufukia mitego, ya tatu hadi ya saba kukusanya na kuchambua sambamba, ya nane uchambuzi, na wiki yoyote inayobaki ni ya mvua na magonjwa.

Usimalize mjini kwanza ndipo uende mashambani. Likizo ikianza wadudu wako katika hatua moja ya maisha, ikiisha wako katika nyingine, na ukigawa hivyo utakuwa umepima kalenda. Kila duru ipitie maeneo yote, na mpangilio wa kuyapita upige kura upya kila wiki: vijikaratasi kumi na tano ndani ya kofia. Najua inaongeza kilomita. Ukianzia mjini kila siku kwa kuwa ndiko unakoishi, mji wako wote utakuwa wa asubuhi na mashamba yako yote ya mchana.

Ndani ya kila chupa ya sampuli weka kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: eneo, kikopo, tarehe. Penseli, kwa sababu ethanoli ya asilimia 70 huyeyusha wino wa kalamu, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka. Nimewahi kushika chupa thelathini safi, zenye mbawakawa wazuri wa mahali pasipojulikana.

Daftari liwe na ukurasa kwa kila ziara, ujazwe hapohapo na si jioni. Ukurasa wa kweli unafanana na huu:

*Eneo 9. Ziara ya 3. Saa 2:40 asubuhi. Mawingu nusu, mvua jana usiku. Vikopo 1, 2, 3, 5 sawa. Kikopo 4 kimeng'olewa, kiko mita mbili pembeni, kitupu. Nyasi zimekatwa tangu wiki jana, urefu sm 6 (zilikuwa 15). Siku-mtego: 4 × 7 = 28. Mbuzi wawili wamefungwa karibu na kikopo 2.*

Siku-mtego ni idadi ya vikopo vilivyofanya kazi mara idadi ya siku, na ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha eneo hili na lile lililotimiza 35. Mbuzi niliwaandika bila kujua kama watahitajika. Walihitajika. Piga picha ya kila ukurasa kabla hujapanda baiskeli.

Nendeni wawili, hasa alfajiri. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, maji ya kutosha, na mtu mmoja chuoni anayejua mko wapi na mnarudi saa ngapi.

Hatua ya 7: Kutambua na kuchambua

Huhitaji kujua kila jina. Tenganisha wadudu kwa umbo, ipe kila aina namba na picha yenye kipimo, uweke mfano mmoja pembeni. Kisha peleka mifano hiyo, si mzigo wote, kwa mtaalamu wa makumbusho au idara. Programu za simu za kutambua viumbe kwa picha husaidia kuanza, na hukosea kwa kujiamini sana kwenye mbawakawa weusi wadogo.

Kabla ya jaribio lolote la takwimu chora picha moja: mlalo asilimia ya ardhi iliyofunikwa, wima idadi ya wadudu kwa siku-mtego, nukta kumi na tano. Itazame kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Je, kuna mteremko, kilima, au nukta moja tu iliyo mbali inayovuta kila kitu? Rudi kwenye daftari usome ukurasa wa nukta hiyo. Ndipo uingie kwenye R, programu ya bure ya takwimu. Kwa kuwa unashughulika na hesabu zenye sifuri nyingi, mstari wa kawaida hautafaa, na modeli ya Poisson, iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu za vitu, au mwenzake anayevumilia mtawanyiko mkubwa ndio pa kuanzia. Kama umeona kilima, ruhusu mpindo. Jumlisha vikopo vya eneo moja kuwa namba moja, au tumia modeli inayojua kwamba vitano hivi ni ndugu. Kompyuta ikikuambia una sampuli 75, umerudi kwenye kosa langu.

Ukikuta hakuna uhusiano, andika hivyo pamoja na ukubwa wa shaka yako. Maeneo 15 hayawezi kuona tofauti ndogo, na msomaji ana haki ya kujua ni tofauti ya kiasi gani ungeweza kuiona kama ingekuwepo.

Hatua ya 8: Kufunga kazi

Wape waliokufungulia malango karatasi moja: walipatikana wadudu gani kwao, wangapi, na picha ya yule mzuri zaidi. Ifikishe mwenyewe kwa mkono. Yule mama wa chini ya miti alitazama picha ya mbawakawa wa kijani, akasema amekaa pale miaka mingi na hajawahi kumwona, kisha akaniuliza kama nina mpango wa kurudi mwaka ujao.

Data isafishe iwe jedwali moja lenye maelezo ya kila safu, na uache nakala kwa msimamizi. Mwanafunzi wa mwaka kesho anaweza kurudi kwenye maeneo yaleyale, na pembezoni mwa mji mwaka mmoja ni muda mrefu. Kwa hiyo andika pia mahali halisi pa kila kikopo, si tu jina la bustani.

Halafu toa mitego. Kikopo kilichosahaulika hujaa maji ya mvua na kuendelea kuua baada ya wewe kuhitimu. Kama ulifukia sabini na tano, viondoke sabini na tano, na mashimo yafukiwe. Mimi, msimu wangu wa maeneo kumi na tano, nilipata sabini na nne, nikarudi eneo la 9 jioni ile na tochi. Kilikuwa chini ya kinyesi cha mbuzi.